Dorothea wa Mfukoni Mwangu

Nianze na ombi. Ninyi mnaonipigia simu tangu gazeti litoe namba yangu, nawashukuru, lakini sipokei. Sijawahi kupokea simu ya mtu yeyote, hata ya mama yangu mzazi, na mama ameshazoea. Niandikieni. Meseji nitajibu zote, hata za wale wanaonitukana.

Mhariri naye alitaka nifike ofisini nimsimulie, yeye aandike. Nikamjibu kwamba nikifika ofisini atapata mtu aliyekaa kwenye kiti akiangalia feni. Akaniacha niandike mwenyewe.

Kwa aliyekosa yaliyopita, nayapitia haraka. Naitwa Obedi. Nachapa barua, fomu na risala za harusi kwenye steshenari ya Bwana Henry, pale Ihumwa. Nina usonji. Daktari aliniambia hivyo nikiwa na miaka ishirini na minne, na siku ile nililala usingizi mzuri, maana kabla yake nilishaambiwa nina kiburi, nina pepo na nimelogwa na jirani.

Kuongea naweza. Ila watu wakinikazia macho, maneno yananikwama, na yakija kutoka, watu wameshaagana na vikombe vimeshaoshwa. Vidole vyangu havina tatizo hilo. Nipe kitu cha kuandikia, nitakuambia yote, na mengine hukuuliza.

Nampenda Penina, mwalimu wa chekechea. Alikuja kuchapisha fomu moja, akakaa dukani saa mbili. Miaka minne sasa tunakaa benchi moja, magoti yamegusana, kila mtu na simu yake, tunaandikiana. Anayepita anadhani tumenuniana.

Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyokwenda Gulwe mara ya kwanza kujitambulisha kwao, na nilivyoaibika. Baba yake Penina, Mzee Bartolomayo, hakutamka neno hata moja. Aliyetamka ni mdogo wake, Baba Mdogo Zablon, na kila anachosema huanza na “Kaka anasema”.

Kaka anasema kijana ana jeuri. Kaka anasema hataki mkwe bubu. Kaka anasema mkirudi mje na koti, blanketi na baiskeli, na kijana afungue mdomo aseme mbele ya ukoo anachotaka, la sivyo binti ataolewa na mwingine ambaye tayari ameshaonyesha nia.

Nilirudi Ihumwa nimenyong'onyea. Siku ya tatu nikapata wazo, nikaweka kwenye simu programu inayosoma maandishi kwa sauti. Ukiandika, inatamka. Ukigusa maandishi yoyote kwenye kioo, inayatamka, na usipoizima inapumzika dakika mbili tatu, kisha inaendelea na yanayofuata. Hata vile vikatuni vya kwenye meseji inavitaja kimoja kimoja. Sauti ya Kiswahili iliyomo ni moja tu, na ni ya mwanamke. Mpole, hana haraka, kila herufi anaipa haki yake.

Halafu kuna jambo la kuungama. Tukiwa njiani kwenda Gulwe safari ya pili, nilimwandikia Penina meseji mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilimhusu baba yake. Ya pili ni dhambi. Niliahidi kwamba hapa sitaficha kitu, kwa hiyo nitazitaja, lakini zikifika.

Haya. Jumatano saa nne asubuhi tuliingia sebuleni kwa Mzee Bartolomayo, mimi na Bwana Henry, ambaye ni bosi wangu na pia mshenga wangu. Koti limekunjwa kwenye mfuko, blanketi nimelipakata, baiskeli tumeiegemeza nje ukutani.

“Mbukwenyi!” Henry aliwasalimu Kigogo kwa sauti kubwa, ingawa yeye ni mtu wa Kilosa.

Wakaitikia. Wazee wa ukoo walikuwa sita, na mama yake Penina kwenye kigoda karibu na mlango. Mzee Bartolomayo alikaa kwenye kiti cha pembeni, sahani ya karanga mbele yake, anamenya. Mzee huyu alifanya kazi stesheni ya reli mpaka akastaafu, na Gulwe nzima inamwogopa. Watoto wakimwona wanavuka njia. Hajawahi kumpiga mtu wala kumfokea, na hilo ndilo linalowatisha zaidi.

“Haya, kijana,” alisema Baba Mdogo Zablon. “Kaka anasema leo tunataka kukusikia.”

Mzee Bartolomayo alikuwa anamenya karanga. Hakuwa amesema kitu.

Nikatoa simu. Nikaandika, nikabonyeza.

“Shikamooni wazazi wangu,” ilisema ile sauti, tamu na tulivu. “Nimefurahi kufika tena nyumbani kwenu.”

“Marahaba!” waliitikia wote kwa pamoja.

Kisha wakatazamana.

“Nani huyo?” aliuliza Baba Mdogo Zablon.

Hapa naomba msiwacheke. Kwenye posa siku hizi ndugu aliye mbali anapigiwa simu, inawekwa spika ya nje, naye anachangia. Shangazi yake Penina aliyeko Tabora alishiriki hivyo safari iliyopita, tena ndiye aliyefungua kwa sala. Sauti ya mwanamke kutoka kwenye simu kwao ilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Walichotaka kujua ni ndugu gani.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika maelezo. Nilifika aya ya pili. Lakini Bwana Henry ulimi wake una mbio kuliko vidole vyangu, na siku hiyo alikuwa na hofu ya kurudi na blanketi.

“Huyo ni dada yake,” alisema. “Dada yake mkubwa. Dorothea.”

Mimi sina dada. Kwetu tumezaliwa wanaume watatu.

“Ahaa!” walisema wazee.

“Mbona safari ile hamkutuambia kuna dada?” aliuliza Mama Penina, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nilifuta aya zote mbili. Nikaandika upya, kwa kifupi, ukweli mtupu.

“Mimi si dada,” sauti ilisema. “Anayeongea ni Obedi. Hii ni simu tu.”

Baba Mdogo Zablon akacheka mpaka akakohoa. “Tunajua ni simu, dada yangu. Hata sisi huku Gulwe tunazo.”

Nikaandika tena. “Dorothea hayupo.”

“Hayupo ndiyo, angekuwepo tungemwona,” alisema Mama Penina. “Yuko wapi, Dodoma mjini?”

“Dorothea si mtu,” sauti ilisema.

Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni.

“Usijidharau hivyo, mama,” alimwambia ile simu. “Mbele za Mungu sote ni watu.”

Nilimtazama Henry. Yaani nilitazama viatu vya Henry, ambavyo ndivyo huwa natazama. Akaniinamia sikioni.

“Kaza hapo hapo,” alininong'oneza. “Wameshalainika.”

Na kweli walikuwa wamelainika. Baba Mdogo Zablon alisogeza kiti. Alivua kofia. Nilisahau kuwaambia kwamba Baba Mdogo Zablon alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita.

“Dada Dorothea,” alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. “Samahani kwa swali. Wewe umeolewa?”

Mimi siwezi kusema uongo. Si kwamba ni mtakatifu, uongo unanishinda tu, naanza sentensi naishia kukiri. Nikaandika, “Hapana.”

“Hapana,” alisema Dorothea.

“Sikieni anavyosema,” alisema Baba Mdogo Zablon. “Hapandishi sauti. Hana haraka. Siku hizi wanawake wa namna hii mtawapata wapi?”

Mama Penina akaona naye amtahini. “Dorothea, mwanangu. Mlenda unapika?”

Mimi napika mlenda. Naishi peke yangu, ningekula nini? Nikaandika.

“Napika. Lakini mara nyingi unaungua chini, maana nasahau nikiwa naandika.”

“Mkweli!” Mama Penina alipiga mapaja. “Mwingine angejisifu hapa.”

Wakauliza kuhusu kanisa, nikajibu. Wakauliza kama mvua imeshuka Ihumwa, nikajibu kwamba imeshuka kidogo Jumapili kuanzia saa nane na dakika kumi mpaka saa nane na dakika arobaini. Wakafurahi. Wakauliza kuhusu mimi, kama kijana huyu Obedi ana tabia njema, na hapo nilitulia kidogo kabla ya kuandika.

“Anajitahidi,” alisema Dorothea. “Si jeuri. Anahitaji muda.”

“Tumekuelewa, dada,” wakasema. “Tumekuelewa kabisa.”

Simu ikatetema mkononi. Ilikuwa meseji ya Penina. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ncha ya kanga kaing'ata ili asicheke.

“Obedi, endelea hivyo hivyo,” aliandika. “Hawajawahi kukupenda namna hii.”

Aliandika kwa utani, najua. Lakini iliniuma. Maneno yalikuwa yangu, yote, hata mlenda ni wangu. Safari iliyopita nilikaa kwenye kiti hicho hicho, ni mimi yule yule, wakaniita bubu mwenye jeuri. Sasa maneno yangu yamevalishwa sauti ya mwanamke ambaye hayupo, na mwanamke ambaye hayupo anaitwa mwanangu. Nilitamani kulia, na nilitamani pia kucheka, na uso wangu kama kawaida haukuonyesha lolote.

Baba Mdogo Zablon alisimama. Akavuta suruali juu, akajikohoza.

“Kaka anasema,” alianza.

Kaka alikuwa anamenya karanga.

“Kaka anasema amempokea kijana. Ila kaka anasema, nyumba haiwezi kutoa tu bila kupokea. Penina mchukueni. Na sisi tuletewe Dorothea.”

“Aletwe wapi?” Henry aliuliza, na jasho likamtoka.

“Kwangu,” alisema Baba Mdogo Zablon. “Kaka anasema nimeteseka vya kutosha.”

Wazee wakapiga makofi. Mama Penina akapiga kigelegele. Jikoni nilisikia kitu kinaanguka, nadhani ni sufuria, na kicheko cha Penina kikakatika ghafla. Hata yeye aliona kwamba sasa mambo yameharibika.

Fikirini mlipo. Nikisema ukweli, hawaamini. Nikinyamaza, nitadaiwa dada. Nisipomtoa, Penina hatoki. Na Henry, aliyetuingiza humo, alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

“Hebu niongee naye mwenyewe,” alisema Baba Mdogo Zablon. “Mambo mengine si ya kikao.”

Akanipokonya simu. Akatoka nayo uani, akaiweka sikioni, na sote tukamsikiliza kupitia dirishani.

“Dorothea? Ni mimi Zablon. Nimetoka nje, hatusikiwi. Dorothea? Nina shamba la karanga ekari tatu. Nina nyumba ya bati. Dorothea? Kama kuna mtu karibu yako, kohoa.”

Akaihamishia sikio la pili.

“Dorothea, sema basi hata neno moja.”

Alirudi sebuleni amenuna, akaniwekea simu mezani kwa kishindo.

“Amenikatia,” alisema. “Nimemkosea nini?”

Sasa niwaeleze jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeliona. Muda wote huo Mzee Bartolomayo hakuwa anatazama uso wangu, wala hakuwa anatazama simu. Alikuwa anatazama vidole vyangu. Nikiandika, anaacha kumenya. Sauti ikitoka, anamenya. Nikiandika, anaacha. Nilianza kuhesabu, na mara kumi na moja mfululizo hakukosea.

Mzee alipangusa maganda ya karanga kwenye vidole. Akanyoosha mkono. Hakusema kitu, alinyoosha tu mkono juu ya meza, kiganja wazi.

Nikampa simu.

Penina alishaniambia kwamba enzi za ujana wa mzee stesheni ziliwasiliana kwa mashine ya kugonga, unagonga herufi hapa Gulwe zinasikika stesheni inayofuata, na kwamba baba yake alikuwa fundi wa mashine hiyo kuliko wote kwenye reli. Siku walipoondoa mashine na kuleta simu za kuongea, aliomba ahamishiwe kwenye taa za ishara.

Aliangalia kioo muda mrefu. Akaanza kugonga kwa kidole kimoja. Herufi. Herufi. Herufi.

“Kaka anasema,” alianza Baba Mdogo Zablon, “anasema simu hii...”

“Zablon nyamaza,” alisema Dorothea.

Nimekaa kwenye vyumba vingi vyenye ukimya, na mwingi nimeuleta mimi. Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Baba Mdogo Zablon alibaki mdomo wazi. Alimtazama kaka yake, akatazama simu, akatazama tena kaka yake.

Mzee alikuwa anaendelea kugonga.

“Sijawahi kutaka baiskeli,” alisema Dorothea.

“Kaka!” alisema Baba Mdogo Zablon.

“Wala koti. Ninalo.”

Na kweli alikuwa amelivaa. Mama Penina alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili. Mzee akamgeukia kidogo, si usoni, pembeni kidogo ya uso, akagonga tena. Hii ilichukua muda mrefu kuliko zote, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

“Mama Penina,” alisema Dorothea. “Chai. Usitie tangawizi.”

“Yesu wangu!” Mama Penina alipiga ukelele. “Miaka thelathini na nane! Miaka thelathini na nane natia tangawizi, na unakunywa!”

“Nakunywa,” alisema Dorothea.

Mama Penina alianza kulia. Kisha akaanza kucheka huku analia, akifuta macho kwa kanga, na wazee hawakujua waangalie wapi. Mimi niliangalia maganda ya karanga. Mzee alikuwa ameyapanga ukingoni mwa meza, mawili mawili, yote yameelekea upande mmoja. Niliyaona safari ile ya kwanza pia.

Kisha akaigeuza simu ielekee kwangu.

“Na wewe,” alisema Dorothea. “Unampenda mtoto wangu?”

Jibu nilikuwa nalo. Nimekuwa nalo miaka minne. Nilifungua mdomo na, kama nilivyowaambia, hakikutoka kitu. Maana mimi huwa najibu kwa simu, na simu alikuwa nayo yeye.

Aliliona hilo mara moja. Akanisukumizia simu juu ya meza, polepole, kama mtu anayepitisha chumvi.

Nikaandika. “Ndiyo,” alisema Dorothea.

Nikamrudishia. Akaandika. “Kwa nini?” alisema Dorothea.

Akanirudishia. “Ananisubiri nimalize kuandika,” alisema Dorothea.

“Huyu mwanamke ana nini?” alinong'ona mzee mmoja. “Anauliza na anajijibu mwenyewe.”

Nadhani kufikia hapo Mama Penina alikuwa ameshaelewa, kwa sababu aliacha kutazama simu akaanza kututazama sisi wawili, mmoja mmoja, kwa zamu. Baba Mdogo Zablon hakuwa ameelewa. Alikuwa amevaa tena kofia na anatazama sakafu, mtu aliyeachwa siku ile ile aliyochumbia.

Nikamsukumizia mzee simu. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo bila kulitia chumvi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau jambo ambalo sikupaswa kulisahau hata sekunde moja.

Mzee aliinua kidole aandike. Kidole cha mtu wa reli ni kinene. Kiligusa pembeni. Kioo kikabadilika rangi, na mimi nikaijua rangi ile kabla sijasoma kitu. Alikuwa ameingia kwenye meseji zangu na Penina, na kidole kikatua juu ya mojawapo.

Nilinyanyuka. Nilichelewa.

“Penina,” alisema Dorothea, kwa upole wake ule ule. “Baba yako si mkali kama baba mdogo anavyotuaminisha. Nilimwangalia siku ile. Hatazami mtu usoni. Anapanga maganda ya karanga mawili mawili, yote upande mmoja, na mtu akiyavuruga anaanza upya. Baba yako ni kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi nina wewe wa kunisubiri. Yeye ana Zablon. Moyo mwekundu. Moyo mwekundu. Moyo mwekundu.”

Hakuna aliyecheka hata ile mioyo ilipotajwa.

“Kama yeye kivipi?” aliuliza Baba Mdogo Zablon, kwa sauti ndogo sana. “Mimi nimekosa nini? Mtu hasemi, lazima mtu amsemee.”

Alisema kwa uchungu wa kweli, na mpaka leo nikikumbuka namhurumia. Miaka arobaini amebeba mdomo wa mtu mwingine, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni mzito.

Mzee Bartolomayo alitazama maganda yake. Akalichukua moja, akaligeuza, akalirudisha pale pale lilipokuwa. Kisha akasimama, simu mkononi, akapita kati ya wazee bila kugusa goti la mtu, akatoka nje. Tulimwona kupitia dirishani akielekea kwenye zizi nyuma ya nyumba. Akaingia kati ya ng'ombe, akatugeuzia mgongo.

“Msimfuate,” alisema Mama Penina. “Akiingia zizini huwa anafikiri.”

Penina alikuja akakaa karibu nami. Goti lake likagusa langu. Henry akafuta jasho kwa tai yake.

“Hajakataa,” alisema Henry. “Jamani, hajakataa. Mambo si mabaya.”

Na mimi nikaanza kuamini hivyo. Niliamini kwa muda wa kama dakika moja. Ndipo nikakumbuka kwamba mzee hakuwa ameizima ile programu, na kwamba usipoizima inapumzika tu, kisha inaendelea na yanayofuata, na kwamba baada ya meseji ya kwanza inafuata ya pili.

Nilimshika Penina mkono. Naye alikumbuka wakati ule ule, nilihisi kwenye vidole vyake.

Dirisha lilikuwa wazi. Tulisikia ng'ombe mmoja analia. Kisha, kutoka katikati ya zizi, tukamsikia Dorothea.

“Penina,” alisema, hana haraka. “Baba yako akikataa, tunatoroka. Kesho Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nisubiri stendi ya Mpwapwa. Usichukue begi kubwa. Mama yako mwambie unakwenda kisimani. Mwanamume anayekimbia. Mwanamke anayekimbia. Basi la abiria.”

Mama Penina aligeuka taratibu akamtazama binti yake. Wazee wote sita waliinuka kwa pamoja. Baba Mdogo Zablon alivua kofia kwa mara ya pili siku hiyo, na kwa mara ya kwanza alitoa amri bila kuanza na kaka anasema.

“Mimi nasema,” alisema, “fungeni mlango.”

Wakaufunga. Nje, lango la zizi likalia kwenye bawaba zake, na nyayo zikaanza kurudi kuelekea nyumbani, moja moja, bila haraka, na simu alikuwa nayo yeye.